Haikuwa Virusi

12 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, nimepokewa vizuri, na usiku wa kwanza nililishwa mpaka nikalegeza mkanda. Baba mdogo anakusalimu sana. Mama mdogo na watoto wako kwao mpaka shule zifunguliwe, kwa hiyo nyumba hii ina wanaume wawili na sufuria moja isiyojua sabuni. Goti linaendeleaje? Na baba, bado analala sakafuni akisema godoro ndilo linalomuumiza mgongo? Msalimie.

Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyotaka. Najua simu kwako ni tochi, na ukipigiwa unapaza sauti mpaka majirani wanakuitikia.

Sasa habari za kazi. Duka liko chini, sisi tunalala juu. Mbele kuna meza ya kupokelea wateja, ina kitambaa cheupe na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nyuma ya pazia ndiko kwenye karakana. Nilidhani mtu anayependa kompyuta kama mimi akiingia huko atakuwa ameingia peponi. Shangazi, pepo hiyo ina mende. Juzi nilifungua kompyuta ya ofisi moja iliyokuwa ikizimika yenyewe. Nilipotoa kifuniko walitoka mbio kama wanafunzi kengele imelia, na mayai yao yamegandamana kwenye feni. Wanapenda joto la mashine, anasema baba mdogo. Aliwapuliza kwa pampu ya upepo, wakaanguka chini, akawakanyaga kwa kandambili mmoja baada ya mwingine, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai.

Kibodi ndiyo usiseme. Kucha za watu, nywele, makombo, mafuta yaliyogeuka kuwa gundi. Moja ilikuwa na kitu cheupe kimekauka kati ya herufi. Waya, yule fundi mwingine wa hapa, mwembamba ambaye wanamwita hivyo kwa sababu ya umbo, alikionja kwa ncha ya ulimi akatangaza kuwa ni uji. Sikula chakula cha mchana siku hiyo.

Lakini ile kompyuta ya mende niliisafisha kwa mswaki na spiriti, nikabadilisha feni, na ilipowaka nilisahau kila kitu. Unanijua. Mashine iliyokufa ikifungua macho mbele yangu, najisikia kama wewe ulivyokuwa ukitoka wodi ya wazazi asubuhi.

Mwanao,
Mchokonozi


25 Juni

Mwanangu Mchokonozi,

Marahaba sana. Barua yako ameileta karani wa basi mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa akanywa maji, akangoja nimsomee. Sikumsomea. Baba yako hajambo, ila ameanza kutembea akiwa ameshika kiuno kama mjamzito wa mwezi wa nane, nami nikimwambia hivyo ananuna. Goti langu ni lile lile. Mvua hakuna, kisima kimeshuka, na jirani wa chini ameoa mke mwingine wa kugombana naye.

Nimecheka habari za uji mpaka nikashika ukuta. Lakini nikuambie kitu, mwanangu. Kinyaa ni ugonjwa wa watu waliozoea kuoshewa. Nimekuwa mkunga zaidi ya nusu ya maisha yangu. Vitu vilivyopita kwenye mikono hii ungeviona ungezimia, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na mtoto. Nawa mikono, kata kucha, endelea na kazi.

Na umheshimu baba yako mdogo. Wewe unamjua akiwa na tumbo na duka. Mimi namjua tangu siku aliyozaliwa yeye, na mama yetu akafariki. Yeye ndiye kitindamimba, ndiyo maana namwita Kitinda, na mimi ndiye mkubwa, nikamchukua. Darasani niliingia naye mgongoni. Mwalimu mkuu akasema shule si mahali pa watoto wachanga, nikamjibu basi aniambie mahali pake ni wapi. Leo jina la ukoo wetu limeandikwa kwenye ubao juu ya duka, katika mji wa watu. Kila ninapolala nikikumbuka ubao ule, nalala vizuri.

Mwambie Kitinda aache kula akiwa amesimama.

Shangazi yako


14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kisima kimerudi. Hapa joto ni la kupika mayai juu ya meza, na bati la paa linalia mchana kutwa. Baba mdogo hajambo. Bado anakula amesimama.

Kazi ipo nyingi. Nimejifunza kubadilisha vioo, nimejifunza kuchomea nyaya kwa risasi bila kuunguza vidole. Wateja wengine sasa wananiulizia mimi. Wiki iliyopita nilimpelekea kompyuta yake fundi cherehani mmoja anayechora mishono ndani ya mashine kabla ya kukata kitambaa. Ilikuwa imekufa kabisa, na michoro yake yote imo humo. Nilipoiwasha mbele yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea dua. Nilirudi natembea hewani.

Shangazi, mende nimewazoea. Kinachonitia kinyaa si mende tena.

Sijui niandikeje. Kuna kompyuta moja huku nyuma ambayo si ya mteja. Jioni duka likifungwa Waya anaiwasha, rafiki wawili watatu wa baba mdogo wanakuja na vinywaji, na kicheko kinaanza. Wananiita niende. Nilienda mara moja. Sasa nikimaliza kazi napanda juu, nafunga mlango, na bado nakisikia kile kicheko kupitia mbao za sakafu. Jana alikuja mwalimu wa watoto wa chekechea kuchukua mashine yake. Waya alimfuta vumbi kwenye kiti. Baba mdogo alimwita "dada yangu", akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akafunga pazia, na walichosema hao wawili juu ya mwanamke yule siwezi kukiandika kwa mtu ninayemwamkia shikamoo.

Mimi na baba mdogo tumeacha kula pamoja. Nimemwambia tumbo linanisumbua. Je, nikirudi nyumbani mapema kabla likizo ya chuo haijaisha, baba atakasirika?

Mwanao


23 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Yule mke mpya wa jirani ameshaondoka na masufuria yote.

Umeniandikia fumbo, na mimi mafumbo niliacha kuyafungua siku nilipostaafu. Wanaume wakikusanyika na vinywaji wanacheka. Wanawake wakitoka, wanaume wanasema upuuzi. Ikiwa ni hilo, hukuhitaji kununua karatasi.

Ikiwa si hilo, andika. Hakuna neno utakaloliandika mimi nikaanguka. Nimewaona wanawake wakiwa hawana nguo, hawana nguvu, hawana aibu, na nimewafunika wote kwa shuka. Unadhani utaniambia nini?

Kurudi mapema usirudi. Mtu hatoki katika kazi ya ndugu yake bila sababu inayosemeka.

Shangazi yako


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Umesema niandike.

Mteja akileta kompyuta au simu, anatupatia na neno lake la siri ili tuipime. Waya akishaifungua, kabla hajagusa ubovu wenyewe, anatafuta picha. Anazinakili zote kwenye ile mashine ya nyuma. Zimepangwa humo kwa majina ya kejeli waliyowapa wenyewe. Jioni ndizo wanazotazama. Wanawake walio na waume zao. Mama anayenyonyesha. Msichana aliyejipiga picha akijaribu nguo ya harusi, nusu imevaliwa. Watu ambao mchana tuliwaandikia risiti na kuwaambia karibu tena.

Mara ile moja niliyoenda, sikujua ninaitiwa nini. Waya alinivutia kiti akasema, "Msomi, njoo usome." Nilitazama, Shangazi. Picha ya kwanza na ya pili nilitazama kabla sijaelewa, na ya tatu nilitazama nikiwa nimeshaelewa. Hilo nakwambia ili usidhani nakuandikia nikiwa nimesimama juu ya mlima.

Picha ya nne alikuwa yule fundi cherehani. Si picha ya mambo hayo. Alikuwa ameinua mkono na kujipiga picha kifuani, na kidole chake kinaonyesha mahali pamoja pembeni ya titi penye uvimbe, ngozi imevutwa kwa ndani, kama tufaha lililobonyea. Mtu yeyote angeona kuwa ni picha ya mgonjwa, ya kumwonyesha daktari. Walicheka zaidi ya zote. Walimpa jina kwa ajili ya ule uvimbe. Nilitoka nikatapika kwenye mfereji.

Kesho yake nilimwambia baba mdogo azifute. Nilimwambia kwa heshima, tukiwa wawili. Hakukasirika. Alicheka akanipiga begani, akasema mteja akileta mashine ameleta na vilivyomo, na kwamba hakuna mtu anayepungukiwa kitu kwa kutazamwa asipojua. Kisha akanimiminia chai. Nilikitazama kikombe kile mpaka kikapoa.

Shangazi, mashine nilizozipenda tangu utotoni sasa nikizigusa nanawa mikono. Nikiwasha ya mteja natazama pembeni mpaka skrini ifike mahali pa kupimia. Mtaani nikikutana na mwanamke aliyewahi kuja dukani navuka barabara.

Niambie la kufanya.

Mwanao


19 Agosti

Barua yako ilifika siku nyingi.

Umekosea. Utakuwa umeona vibaya au umesikia vibaya. Pengine ni huyo Waya, na Kitinda hajui kinachofanyika nyuma ya mgongo wake. Mtoto niliyemlea mimi hafanyi hayo. Nilimlea kati ya wanawake, alikuwa akinibebea mkoba wa ukunga mpaka milangoni mwa watu, na akifika mlangoni aligeuza uso bila kuambiwa.

Usimwambie baba yako. Usimwambie mtu. Likizo yako iko ukingoni, fanya kazi yako, urudi chuoni.

Shangazi yako


27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, ingawa safari hii hukunipa salamu. Najua zimeshakufikia habari za upande mwingine, na najua baba amesema nisikanyage kwake. Nakuandikia nikiwa bwenini chuoni. Msimamizi alinifungulia chumba kabla ya wakati, hakuuliza sana. Acha nikueleze mimi mwenyewe ilivyokuwa, halafu uamini unayetaka.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikasema basi, shangazi amesema ninyamaze, nitanyamaza. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu na siku zilizobaki zilikuwa chache.

Jumatano asubuhi aliingia yule mwalimu wa chekechea. Hakuja na mashine. Alikaa kwenye kile kiti alichofutiwa vumbi, ameweka mkoba magotini ameushika kwa mikono miwili, na akazungumza taratibu kama anavyozungumza na watoto wake. Alisema picha yake, ambayo haikuwahi kutoka kwenye kompyuta yake, imeonekana kwenye simu ya mzazi mmoja wa pale shuleni. Mzazi ameonyesha wazazi wengine. Mkuu wa shule amemwambia akae nyumbani kwanza. Alisema hakuja kumshitaki mtu, amekuja kuuliza tu, kwa kuwa sisi ni wataalamu, kitu kama hicho kinawezekanaje.

Baba mdogo alisikitika. Shangazi, ungemwona ungelia naye. Alishika kichwa, akasema pole dada yangu, dunia imeharibika. Akaagiza aletewe maji. Kisha akasema hivyo ni virusi, siku hizi kuna virusi vinavyoingia kwenye mashine na kusomba picha za watu. Akanigeukia mimi nikiwa nimesimama na bisibisi mkononi.

"Huyu ni mwanangu, yuko chuo kikuu, anasoma mambo haya haya," alisema. "Hebu mweleze mwalimu jinsi virusi vinavyofanya kazi."

Wote wakanitazama. Mwalimu akanitazama kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Na ningeweza, Shangazi. Ningeweza kumweleza vizuri sana, kwa maneno magumu yaliyo sahihi kabisa, naye angenishukuru, angekwenda nyumbani kununua dawa ya virusi. Miaka yote uliyonisomesha ilikuwa imefika mdomoni mwangu kwa ajili ya kazi hiyo moja.

Nikasema, "Haikuwa virusi, mwalimu. Imetoka hapa. Iko nyuma ya pazia."

Waya aliingia ndani haraka, nami nikamfuata, nikasimama mbele ya ile mashine na kuzuia mkono wake usiifikie. Alinipiga kwa kibodi usoni, jino moja linacheza hadi leo. Mwalimu alilivuta pazia mwenyewe. Hakulia. Alitoa simu akampigia kaka yake, na kaka yake akaja na polisi, wakaichukua ile mashine na Waya na baba mdogo pamoja. Niliandika maelezo yangu kituoni. Baba mdogo alikuwa ameketi benchi la pili, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba ukoo wetu haukuwahi kuzaa nyoka mpaka ulipozaa mimi.

Wameachiwa kwa dhamana wakisubiri kesi. Baba amenitumia ujumbe mmoja tu. Amesema damu ni damu.

Sijui wewe unasema nini. Sitakuuliza.

Mchokonozi


20 Septemba

Mwanangu Mchokonozi,

Hujambo, baba? Jino limetulia? Sukutua kwa maji ya moto na chumvi, usilitikise kwa ulimi. Nyumbani ni wazima. Baba yako mgongo umemkamata kweli safari hii, analala kitandani na kununa kwa wakati mmoja. Atakuja kusema nawe, mpe muda. Kisima kimerudi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilisafiri. Sikumwambia mtu naenda wapi. Nilivaa gauni langu la kazi, lile jeupe, sijui kwa nini, nikapanda basi. Nilifika dukani nikakuta mlango umefungwa, nikapanda juu. Kitinda alinifungulia mwenyewe. Amekonda. Alinikumbatia, akalia begani kwangu, nami nikalia naye, kwa sababu ni mwanangu pia, usisahau hilo. Akasema umemwonea, umedanganywa na yule mwalimu, picha zilikuwa za Waya. Kila alichosema nilikitaka kiwe kweli. Nilikuwa nimebeba imani yangu kutoka nyumbani, imejaa mkoba mzima, nikaikunjua yote pale mezani.

Kisha nikamuuliza kitu kimoja. Nilimuuliza juu ya yule fundi cherehani. Tangu ulipoandika ile habari ya ngozi iliyovutwa ndani, mwanangu, sikulala. Nilikujibu vibaya, lakini sikulala. Ngozi ikivutwa hivyo si jambo la kungoja. Nilimuuliza, "Yule mwanamke mwenye uvimbe, alikwenda hospitali?"

Nilidhani atasema mwanamke gani. Angesema hivyo ningemwamini, ningerudi nyumbani nikiwa nimemwamini. Hakusema hivyo. Alitabasamu kidogo, pembeni ya mdomo, kabla hajajizuia. Akakumbuka kichekesho. Halafu akasema, "Dada, hayo ya nini sasa?"

Nilimpangusa mavi mtoto yule. Nilimnyonya kamasi puani kwa mdomo wangu alipokuwa anashindwa kupumua, nikalala na matapishi yake shingoni, na sijawahi kumwonea kinyaa hata siku moja. Siku ile nilimwonea. Alinyoosha mkono anishike bega, ngozi yangu ikasisimka, nikarudi nyuma mpaka nikagonga mlango. Naye aliona. Nadhani ndicho kitu pekee alichokielewa siku ile.

Wazee wa ukoo waliambiwa na Kitinda kwamba niko kwake, ila hawakujua nimekwenda kwa nini. Walidhani nimekwenda kusuluhisha, wakafurahi, na kesho yake wakanifuata huko huko, baba yako akiwa ameegemea fimbo. Wakanichukua mpaka kwa mwalimu ili niseme kwa niaba ya wote, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyemlea. Mwalimu alitukaribisha ndani. Nyumba safi, picha za watoto wake wa shule zimebandikwa ukutani, zile wanazochora watu wenye vichwa vikubwa na miguu miwili. Bado hajarudishwa kazini. Tulikaa. Mjomba wetu alianza kwa methali, akaendelea kwa methali, mwisho akasema dada mkubwa atatoa ombi la familia.

Nilimwambia mwalimu, "Mwanangu, nimeletwa hapa nikuombe uiache kesi. Siombi."

Mjomba aliutazama mlango. Baba yako aliinamisha kichwa juu ya fimbo yake, na njia nzima ya kurudi hakunisemesha, ila tulipofika kwenye basi alinishika kiwiko nisikosee ngazi. Kwa hiyo ngoja, atakuja.

Ubao wa duka wameushusha. Silali vizuri, lakini nalala.

Sasa nakutuma. Yule fundi cherehani unajua anapofanyia kazi. Nenda kwake. Usimwandikie, usimpigie, nenda kwa miguu yako. Mweleze picha ilikotoka na walioiona, wote, na wewe ukiwamo, maana ana haki ya kujua kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Kisha muulize kama ameshamwona daktari. Kama hajamwona, mwambie mkunga mzee amesema aende kesho, asingoje kesho kutwa. Ukishindwa kusema la kwanza, sema la pili tu. Lakini usishindwe.

Shangazi yako


4 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Jino limeshika. Masomo yameanza, chumba chetu tuko wanne na feni moja. Baba alinipigia Jumapili akaniuliza kama chuo kina maji, nikasema kina, akakata. Kwa baba hiyo ni hotuba.

Nilikwenda. Niliahirisha mara kadhaa, nikaenda Jumamosi. Alikuwa kwenye mashine yake karibu na dirisha, amejifunga kitambaa kichwani, amepungua mwili. Aliponiona alinikumbuka hapo hapo. Alisimamisha cherehani, akainuka, akasema fundi wangu huyo, akanyoosha mkono. Nikaupokea.

Niliogopa kwamba nikikaa nitashindwa, kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama, mkono wangu bado uko katika wake. Nilimweleza picha ilivyochukuliwa, mahali ilipowekwa, na watu walioitazama. Nikasema na mimi niliiona. Nikasema iko mikononi mwa polisi pamoja na za wengine. Kisha nikamwambia habari za mkunga mzee, na kwamba anauliza kama ameshamwona daktari.

Alinitazama usoni kama mtu anayetafuta mshono ulipoanzia kufumuka.

"Ya hospitali yameshaanza," alisema. "Nilikatwa mwezi uliopita. Mwambie huyo mama nimeshukuru."

Ndipo alipoutazama mkono wangu, ukiwa bado ndani ya mkono wake. Akauchomoa wake polepole, bila ukali. Akaupangusa kwenye gauni lake, upande mmoja, halafu upande wa pili. Kisha akakaa, akaweka mguu juu ya kanyagio la cherehani na kuendelea kushona.

Nimefikisha shukrani zake, Shangazi. Zilikuwa zako peke yako.

Mwanao,
Mchokonozi